Dawa Ikitolewa na Mashine, Zahanati Yetu Itafaidika Nini?



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama pale Kitengela, baada ya hesabu za meri-go-raundi kumalizika, mama mmoja aliinua mkono akauliza: "Maziwa tunanunua kwa ATM. Maji watu wananunua kwa ATM. Mbona dawa zahanatini bado zinahesabiwa kwa kidole? Hatuwezi kufanya harambee tukanunua ATM ya dawa?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana tulijua kwa nini anauliza. Miezi michache kabla ya hapo mama mkwe wake, nyanya mwenye presha na ugonjwa wa sukari, alipewa dawa katika zahanati ambayo jina lake tunaliacha. Dawa zote mbili zilikuwa tembe ndogo nyeupe. Zilitiwa katika bahasha mbili za kaki, moja imeandikwa 1x1, nyingine 1x2. Jina la dawa halikuandikwa, wala jina la mgonjwa. Mwanzoni mjukuu alimsaidia, kisha shule zikafunguliwa akaondoka. Bahasha ziliporarua, nyanya akahamishia tembe katika vikopo viwili, na hapo akazibadilisha bila kujua. Akawa anameza dawa ya sukari mara mbili kwa siku akidhani ni ya presha.

Siku ya tatu asubuhi, kabla ya chai, alianza kutetemeka na kutokwa jasho, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Mkaza mwana alikumbuka somo la afya la kikundi, akamnywesha maji ya sukari, kisha wakaita gari wakampeleka hospitali. Alipona. Daktari aliwaambia kwamba wangengoja saa moja zaidi, pengine wangempoteza.

Basi swali lile si la mzaha. Tumelifanya kuwa somo letu la mwezi huu.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze:
1. Kueleza kazi ambazo mashine ya kugawa dawa inafanya.
2. Kutambua mambo ambayo mashine haiwezi kufanya.
3. Kuamua ni hatua gani kikundi na kamati ya zahanati wanaweza kuchukua sasa.

Vitu vya kutayarisha: bakuli la maharagwe, vikombe vinne, daftari na kalamu. Kila mtu aje pia na bahasha au kopo la dawa lililo nyumbani kwake, hata kama ni tupu.

ZOEZI LA MAHARAGWE

Mchague mmoja awe muuguzi. Wanne wawe wagonjwa, wapange foleni. Wa kwanza ahitaji tembe 1 mara 3 kwa siku 5. Wa pili, tembe 1 mara 3 kwa siku 7. Wa tatu, tembe 1 mara 1 kwa siku 30. Wa nne, tembe 2 mara 2 kwa siku 14. Muuguzi ahesabu maharagwe na kumtilia kila mmoja katika kikombe chake.

Sasa, wakati anahesabu, wengine wamsumbue kama inavyokuwa zahanatini. Mmoja aulize chanjo ni siku gani. Mwingine aseme ana mama mwenye uchungu nje. Simu ilie. Muuguzi asiruhusiwe kuanza upya zaidi ya mara moja.

Mkimaliza, hesabuni kila kikombe. Inatakiwa mpate 15, 21, 30 na 56. Ni vikombe vingapi vilivyo sawa? Tumefanya zoezi hili mara nyingi, na ni mara chache sana vikombe vyote vinne vimekuwa sawa. Wakati mwingine muuguzi wetu wa maharagwe alikuwa karani wa benki! Kwa hiyo kosa si la mtu mjinga au mvivu. Ni la mtu mmoja aliyebebeshwa kazi za watu watano.

MASHINE HII NI KITU GANI?

Ziko za aina mbalimbali. Iliyo ndogo kabisa hukaa juu ya meza, inahesabu tembe tu. Unazimimina kwa juu, zinashuka moja moja, na inasimama ikifika idadi uliyoiagiza.

Ya pili ni kabati lenye droo nyingi zilizofungwa. Muuguzi anaingiza jina lake na nambari ya siri, anachagua mgonjwa na dawa, na droo moja tu inafunguka. Hospitali za Marekani zilianza kutumia makabati ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ya tatu ndiyo inayofanana na ATM. Mwaka 2018 mashine kama hiyo ilifunguliwa Alexandra, mtaa wenye watu wengi na kipato kidogo kule Johannesburg, Afrika Kusini. Inawahudumia wagonjwa wa dawa za muda mrefu, kama vile ARV, presha na sukari. Mgonjwa anaingiza kadi na nambari yake ya siri. Katika kioo anamwona mfamasia aliye mahali pengine na kuzungumza naye. Wakikubaliana, mkono wa mashine ulio ndani unachukua pakiti, lebo inabandikwa yenye jina la mgonjwa na jinsi ya kutumia, na dawa inashuka. Mgonjwa anapata pia risiti inayoonyesha tarehe ya kurudi.

Angalieni jambo moja hapo: mfamasia hakuondolewa, bado yupo. Mashine imechukua kazi ya kuhesabu, kubandika na kuandika, naye amebaki na kazi ya kuzungumza na mgonjwa.

FAIDA ZAKE KWA KITUO KIDOGO

Watu wengi hudhani mashine ni ya hospitali kubwa. Lakini kituo kidogo ndicho chenye upungufu mkubwa wa watu. Tuone faida moja moja.

Kwanza, hesabu sahihi. Wafugaji mnaelewa hili vizuri. Ng'ombe wa kilo 300 ukimpa dawa ya minyoo ya kilo 150, minyoo haifi yote, na inayobaki inazoea dawa. Ndivyo ilivyo kwa binadamu na dawa za vijidudu. Aliyepungukiwa tembe hakumaliza dozi, hata kama mwenyewe anafikiri amemaliza.

Pili, lebo. Kila pakiti inatoka na jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi na tarehe. Nyanya wa Kitengela hakuumizwa na dawa mbaya. Dawa ilikuwa nzuri, ila bahasha haikusema kitu. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara yanayotokana na makosa katika kutoa na kutumia dawa, kwa sababu makosa ya namna hii yako kila nchi, hata zile tajiri.

Tatu, kumbukumbu. Kila tembe inayotoka inaandikwa: saa ngapi, kwa nani, na nani aliyeitoa. Jioni stoo inajulikana bila kuhesabu upya. Hatusemi wafanyakazi wetu ni wezi. Lakini dawa zikipungua bila maandishi kila mtu hushukiwa, na muuguzi mwaminifu ndiye anayeumia zaidi. Kumbukumbu nzuri inamlinda.

Nne, tarehe ya kuisha. Mashine inajua pakiti ipi itaharibika mapema, nayo inaitoa kwanza. Kwa mkono ni rahisi kuweka mzigo mpya mbele, na ule wa zamani ukasahaulika nyuma ya rafu mpaka ukaisha muda. Dawa ya namna hiyo ni pesa ya mwananchi iliyochomwa moto.

Tano, nafasi ya kuzungumza. Muuguzi aliye peke yake huko ndani ya Mashuuru anapima wajawazito, anachanja watoto, anafunga vidonda, halafu anahesabu tembe. Akipunguziwa kuhesabu, anapata dakika za kumuuliza mgonjwa: "Nyanya, hebu nieleze, hii utaimeza saa ngapi?"

Sita, saa za kuchukua dawa. Kitengela ilikuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019, na wengi wanatoka alfajiri kwenda kazini Nairobi au EPZ ya Athi River. Mtu wa presha akichagua kati ya dawa na kibarua cha siku, mara nyingi huchagua kibarua. Pale ambapo sheria inaruhusu na mfamasia anapatikana kwa simu, mashine inaweza kumpa dawa jioni akitoka kazini.

MAMBO AMBAYO MASHINE HAIWEZI

Sasa tugeuze upande wa pili, maana hatupendi kikundi kichange pesa kwa kusikia sifa tu.

Mashine haileti dawa. Inatunza ile iliyopo. Hapa Kenya tumejaribu njia nyingi za kufikisha dawa vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kupeleka masanduku yaliyofungwa, yenye dawa zilizopangwa tayari. Lilikuwa jambo jema, lakini sanduku lilikuwa halijui kama uko Kajiado kwenye ukame au uko ziwani kwenye malaria. Baadaye, katika miaka ya 2000, mpango ukageuzwa ili kituo kiagize kinachohitaji. KEMSA ilianzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya vituo vya serikali. Vituo vya makanisa vilikuwa tayari na MEDS, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Wakatoliki pamoja na makanisa mengine. Tangu 2013 huduma za afya zimekuwa chini ya kaunti, hivyo oda ya zahanati ya serikali inapitia huko. Oda ikichelewa, au malipo yakichelewa, kabati la kisasa litabaki tupu kama rafu ya mbao.

Mashine hutii aliyeijaza. Mtu akitia dawa ya presha katika droo ya dawa ya sukari, mashine itaitoa kwa kila mgonjwa bila kusita. Kwa hiyo kujaza kufanywe na watu wawili, mmoja anajaza na mwingine anakagua.

Mashine inataka stima. Ikikosekana, dawa za dharura, kama ile ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, zisiwe zimefungiwa ndani. Lazima kuwe na funguo za mkono, na mtu anayejulikana kuwa ndiye mwenye funguo. Lazima pia kuwe na fundi anayeweza kufika. Sote tunajua mashine za kusaga na pampu zilizonunuliwa kwa shangwe, na leo kuku wanataga ndani yake.

Mashine inajua siri zetu. Anayemeza ARV au dawa ya kifafa hataki jirani ajue. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kikundi kina haki ya kuuliza ni nani atakayeona majina na kwa sababu gani.

Mwisho, mashine haimwoni mgonjwa. Haioni kwamba msichana huyu ana mimba, au mzee huyu amevimba miguu, au mtoto ana kilo pungufu kuliko zilizoandikwa.

NJIA NDOGO AMBAZO TAYARI TUNAZO

Tusidhani kwamba kuhesabiwa dawa na mashine ni jambo geni kwetu. Tazameni pakiti ya AL, dawa ambayo Kenya iliamua mwaka 2004 iwe ya kwanza kutumiwa kwa malaria ya kawaida. Zamani klorokwini ilitolewa kwenye kopo kubwa na kuhesabiwa mkononi. AL inakuja kiwandani ikiwa imeshapangwa: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 pakiti ya tembe 6, wa kilo 15 hadi chini ya 25 tembe 12, wa kilo 25 hadi chini ya 35 tembe 18, na kuanzia kilo 35 tembe 24. Zinamezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na chakula au maziwa. Hatuwaambii mjitibu wenyewe, kupimwa kwanza ni lazima. Tunachosema ni kwamba kazi ya kuhesabu imefanywa na mashine ya kiwandani, na muuguzi anachagua pakiti kulingana na uzito. Zahanati inayoagiza dawa za pakiti badala ya makopo ya tembe 1,000 imepata sehemu kubwa ya faida ya mashine bila kununua mashine.

Njia nyingine ni ya vikundi vyenyewe. Mwongozo wa matibabu ya HIV wa Kenya wa mwaka 2016 uliruhusu wagonjwa walio imara kuunda vikundi vidogo, mmoja akaenda kituoni kuwachukulia wenzake dawa kwa zamu. Nauli inapungua, na watu wanaulizana hali. Waulizeni wahudumu wa zahanati kama wagonjwa wa presha wanaweza kupangiwa utaratibu wa namna hiyo.

HESABU YA KUAGIZA

Kabla ya mashine kuna kadi ya stoo. Zahanati isiyojaza kadi haitaweza kuendesha kompyuta. Wanakamati, jifunzeni hesabu hii, si ngumu kuliko ya mikopo ya kikundi.

Tuseme zahanati ina wagonjwa 40 wa presha, kila mmoja anameza tembe 1 kwa siku.
- Matumizi ya mwezi: 40 mara 30 ni tembe 1,200.
- Oda inakuja kila miezi 3: 1,200 mara 3 ni 3,600.
- Akiba ya mwezi mmoja, mzigo ukichelewa: 1,200.
- Jumla inayotakiwa: 4,800.
- Zilizo katika stoo leo: 900.
- Oda: 4,800 toa 900 ni tembe 3,900.

Mashine hufanya hesabu hii hii, ila kila siku na kwa kila dawa. Kamati ikiielewa, hata afisa akileta kompyuta haitadanganywa na rangi za kioo.

JE, TUFANYE HARAMBEE?

Tuliwajibu akina mama wa Kitengela hivi: si sasa, lakini msiache kuuliza. Pandeni ngazi kidato kwa kidato.

Kidato cha kwanza: kila bahasha iwe na jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi na tarehe.
Cha pili: kadi ya stoo ijazwe kila siku, na kamati iikague kila mwezi.
Cha tatu: dawa za pakiti ziagizwe pale zinapopatikana.
Cha nne: kumbukumbu ziingie katika simu au kompyuta, kukiwa na stima ya jua ya kutegemea.
Cha tano: hapo ndipo mashine ya kuhesabu, au kabati la droo, litakuwa na mahali pa kusimama.

ATM kamili, kama ile ya Alexandra, inafaa mji wenye mamia ya wagonjwa wa dawa za kila mwezi. Hilo si jukumu la kikundi kimoja, ni jambo la kupeleka katika mikutano ya bajeti ya kaunti. Mnaweza kulisema bila kuogopa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, na Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Vilevile, sheria ya mwaka 2023 inaruhusu vituo vya umma kubaki na pesa wanazokusanya ili kuboresha huduma. Muulizeni msimamizi: pesa hizo zimepangiwa nini mwaka huu?

Kikundi kile hakikukaa kikingoja. Walikubaliana na muuguzi msimamizi na kamati, wakachanga, wakatengeneza muhuri wa mpira. Muhuri una nafasi ya jina la mgonjwa na la dawa, na chini yake picha tatu: jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. Muuguzi anapiga muhuri kwenye bahasha, kisha anachora mistari chini ya picha, mstari mmoja kwa kila tembe. Asiyejua kusoma anaelewa.

Tulipomtembelea nyanya alitutolea bahasha zake mbili kutoka kwenye kibuyu kilichoning'inizwa ukutani. "Hii ni ya jua," akasema, "na hii ni ya jua na mwezi." Alikuwa sahihi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Toeni bahasha na makopo mliyokuja nayo. Je, mgeni akiyaona anaweza kujua ni dawa gani, ya nani, na inamezwaje?
2. Katika zoezi la maharagwe, ni jambo gani lililomkosesha muuguzi wetu? Je, zahanatini kwetu jambo hilo lipo?
3. Kati ya faida sita, ni mbili zipi zinazohitajika zaidi kwetu? Kwa nini?
4. Ni nani katika kijiji chetu anayemeza dawa kila siku na hana mtu wa kumsomea?
5. Zahanati yetu imefika kidato cha ngapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wachagueni watu wawili waende kwa msimamizi wa zahanati, kwa heshima na bila makelele, wamuulize mambo matatu: dawa zipi zilikosekana katika miezi mitatu iliyopita, kwa siku ngapi, na oda iliyopita ilipelekwa lini. Wawaalike pia wahudumu wa afya wa kijiji, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba ya kazi na simu, maana wao ndio wanaojua nyumba kwa nyumba. Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, tarehe iwekwe, na yasomwe kwa sauti mkikutana tena.